Tarehe ya Kukamilisha Mauziano Ikipita Bila Malipo: Njia za Kisheria za Muuzaji na Jinsi ya Kuchagua

Siku ya kukamilisha mauziano ya nyumba au kiwanja inapopita na salio la bei halijalipwa, wauzaji wengi huhitimisha mambo papo hapo: mkataba umekufa, arubuni imebaki mikononi mwangu, na sasa niko huru kumtafuta mnunuzi mwingine. Huenda mambo hayo matatu yote ni kweli. Huenda pia hakuna hata moja lililo kweli kwa siku hiyo, na muuzaji anayesaini mkataba wa pili akidhani wa kwanza umekwisha anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa fidia, tena na wanunuzi wawili kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupima njia ipi ina faida kubwa, inafaa kujua njia zipi bado ziko wazi, kwani nyingine hufungwa na maneno ya mkataba wenyewe, na nyingine hufungwa na mwenendo wa muuzaji baada ya tarehe kupita.

Kilichopita ni nini hasa?

Kuna mikataba inayotegemea sharti la awali, kama vile mnunuzi kupata mkopo wa benki au mamlaka fulani kutoa kibali. Sharti lisipotimia ndani ya muda uliowekwa, na hakuna aliyekosea, mkataba hukoma na kila mmoja hurudi alipokuwa. Hapa muuzaji hana cha kudai. Nchini Ufaransa, mnunuzi aliyenyimwa mkopo ambao mkataba ulitegemea hurudishiwa fedha zote alizotanguliza. Nchini Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka maombi ya kibali cha kuuza shamba la kilimo yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanyika. Kibali kikikosekana, mauziano ni batili na fedha zilizolipwa hudaiwa kama deni la kawaida. Muuzaji anayeng'ang'ania arubuni katika hali kama hizi anajitafutia kesi ambayo atashindwa.

Lakini sharti linaweza kushindikana kwa sababu ya uzembe wa upande mmoja, na hapo mizani hubadilika. Mnunuzi ambaye hakuomba mkopo kabisa, au aliomba kiasi tofauti na kilichoandikwa, hawezi kujificha nyuma ya sharti ambalo yeye mwenyewe alilikwamisha. Kifungu cha 1304-3 cha Sheria ya Madai ya Ufaransa kinasema wazi kwamba sharti huhesabiwa limetimia iwapo yule mwenye masilahi ndiye aliyelizuia. Mahakama Kuu ya Australia ilifikia wazo linalokaribiana na hilo mwaka 1950, katika shauri la Suttor dhidi ya Gundowda: hata mkataba ukisema utahesabiwa umefutwa ifikapo tarehe fulani bila kibali, upande uliosababisha kibali kikosekane hauwezi kutumia kifungu hicho kujinasua. Kanuni hii ni upanga wenye makali pande zote mbili. Ikiwa kibali kilikosekana kwa sababu muuzaji hakusaini fomu au hakulipa kodi ya ardhi aliyopaswa kulipa, basi ni yeye asiyeweza kusema mkataba umejifia.

Aina ya pili, ambayo naamini ndiyo ya kawaida kuliko zote, ni tarehe iliyopita bila sharti lolote kukwama: mnunuzi hakuleta fedha tu. Hapa swali ni iwapo muda ulikuwa sharti la msingi la mkataba. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambacho kinafuata sheria ya India ya mwaka 1872, kinatenganisha hali mbili. Pale ambapo wahusika walikusudia muda uwe wa msingi, kuchelewa kunampa upande usio na kosa uhuru wa kuukatisha mkataba. Pale ambapo hawakukusudia hivyo, kuchelewa kunampa haki ya fidia peke yake, na mkataba unaendelea kuishi. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, mauziano ya ardhi kwa kawaida huhesabiwa kuwa katika hali hii ya pili, ambapo muda si wa msingi, isipokuwa mkataba useme vinginevyo au mazingira yaonyeshe vinginevyo.

Mkataba ukisema kwamba muda ni wa msingi, mahakama inaweza kuusimamia kwa ukali unaoshangaza. Mwaka 1997, Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa baadhi ya makoloni ya zamani ya Uingereza, iliamua rufaa kutoka Hong Kong kati ya Union Eagle na Golden Achievement. Fedha za kununulia ghorofa zilitakiwa kufika saa kumi na moja jioni. Zilifika saa kumi na moja na dakika kumi. Muuzaji alikatisha mkataba, akabaki na arubuni ya asilimia 10, na rufaa ya mnunuzi ikashindwa. Majaji walisema kwamba katika biashara ya ardhi watu wanahitaji kujua kwa hakika iwapo wako huru kuuza kwingine, na kwamba hakika hiyo isingekuwapo iwapo mahakama zingekuwa zinasamehe dakika chache leo na saa chache kesho.

Kurefusha muda, au kutoa notisi?

Hizi ndizo njia mbili za kwanza ambazo muuzaji huwa nazo mkononi siku inayofuata, na zinafaa kutazamwa pamoja kwa sababu kukosea katika moja huharibu nyingine.

Kurefusha muda ni njia ya bei nafuu na yenye busara pale ambapo kuna ushahidi kwamba fedha zinakuja: barua ya benki ya kuidhinisha mkopo, mauziano ya mali nyingine ya mnunuzi yaliyokwisha kusainiwa, au uhamisho wa fedha unaosubiri hatua moja ya mwisho. Hasara yake haimo katika kusubiri kwenyewe, bali katika namna watu wanavyosubiri. Muuzaji anayejibu simu kwa kusema “haya, jitahidi ndani ya mwezi huu” amefanya mambo mawili bila kujua. Kwanza, ameiondoa tarehe ya zamani bila kuweka mpya inayoeleweka, hivyo hata kama muda ulikuwa wa msingi, huenda sasa si wa msingi tena. Pili, akipokea malipo yaliyochelewa bila kusema neno, anaweza kupoteza haki ya kudai fidia ya ucheleweshaji. Kifungu kilekile cha 55 cha sheria ya Tanzania kinasema kwamba anayekubali utekelezaji nje ya muda hawezi kudai fidia ya kuchelewa, isipokuwa wakati wa kukubali ametoa taarifa kwamba atadai.

Kwa hiyo nyongeza ya muda iandikwe, isainiwe na pande zote, na iseme mambo matatu ambayo sentensi moja inaweza kuyabeba: “Muuzaji anakubali kuongeza muda wa kukamilisha hadi saa kumi alasiri ya tarehe iliyotajwa hapo juu, muda huo ni sharti la msingi la mkataba, na makubaliano haya hayaondoi haki yoyote ambayo muuzaji alikuwa nayo kabla ya kuyasaini.” Ni halali kabisa kudai kitu badala ya uvumilivu huo: riba juu ya salio, arubuni ya ziada, au mnunuzi kubeba kodi na gharama za matunzo za kipindi kilichoongezwa. Mnunuzi mwenye nia ya kweli hukubali bila shida. Anayekataa hata riba ya mwezi mmoja, huku akisema fedha zitaingia wiki ijayo, amekupa taarifa muhimu bila kukusudia.

Notisi ya kukamilisha inafanya kazi tofauti. Inampa mnunuzi muda wa mwisho na kuufanya muda huo uwe wa msingi hata kama mkataba haukusema hivyo. Urefu wake hutegemea mkataba au masharti ya kawaida yaliyounganishwa nao: siku 10 za kazi katika masharti ya kawaida yanayotumika Uingereza, siku 21 katika masharti ya mauziano ya chama cha mawakili cha Kenya. Mkataba usiposema chochote, notisi inatakiwa itoe muda wa kuridhisha, na kuridhisha hupimwa kwa kazi iliyobaki na jinsi mnunuzi alivyokwisha kucheleweshwa au kuchelewesha. Ujerumani nayo ina desturi ya kisheria inayofanana: kifungu cha 323 cha sheria yao ya madai kinamtaka anayedai, kwa kawaida, aweke kwanza muda wa nyongeza wa kuridhisha kabla ya kujitoa katika mkataba.

Notisi ina mtego mmoja ambao nauona ndio mkubwa kuliko yote katika eneo hili la sheria. Muuzaji haruhusiwi kuitoa ikiwa yeye mwenyewe hayuko tayari. Ikiwa hati bado imeshikiliwa na benki kwa rehani na hakuna mpango wa kuiachilia, ikiwa kodi ya ardhi haijalipwa na cheti cha kulipa kodi hakipo, ikiwa mpangaji aliyeahidiwa kuondoka bado yumo ndani, basi notisi hiyo ni karatasi tupu. Mbaya zaidi, kukatisha mkataba kwa kutegemea notisi isiyo halali huhesabiwa kuwa uvunjaji wa mkataba uliofanywa na muuzaji, na mnunuzi aliyekuwa amechelewa anageuka kuwa mdai. Kabla ya kuituma, muuzaji aketi na wakili wake na kupitia kila wajibu wake mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kukamilisha ni kesho asubuhi. Kisha ipelekwe kwa njia ileile ambayo mkataba umeitaja: kama mkataba unasema barua iliyosajiliwa kwa anwani fulani, ujumbe wa simu hautoshi, hata kama mnunuzi ameusoma na kuujibu.

Kuukatisha mkataba au kuushikilia

Notisi ikiisha bila malipo, muuzaji anafika kwenye njia panda halisi. Anaweza kuukatisha mkataba, ambapo wajibu wa mbele wa pande zote mbili unakoma. Au anaweza kuushikilia na kwenda mahakamani kuomba mnunuzi alazimishwe kutekeleza, yaani kulipa bei na kupokea mali. Hawezi kufanya yote mawili. Akishachagua kukatisha na kumjulisha mnunuzi, uchaguzi huo haurudi nyuma.

Kukatisha kuna faida moja ambayo kwa wauzaji wengi inatosha peke yake: uhuru. Tangu siku hiyo mali inaweza kuuzwa tena. Na kinyume na imani iliyoenea, kukatisha hakufuti haki ya fidia. Zamani mahakama za Uingereza zilichanganya mambo haya, zikiwa na hukumu zilizosema kwamba anayekatisha mkataba anaufuta tangu mwanzo na hivyo hana cha kudai. Mkanganyiko huo uliondolewa mwaka 1979 na House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, katika shauri la Johnson dhidi ya Agnew, na kwa Ujerumani jambo hilo limo waziwazi katika kifungu cha 325: kujitoa hakuzuii kudai fidia.

Kushikilia mkataba na kuomba amri ya utekelezaji kunavutia pale ambapo bei ya soko imeporomoka na mnunuzi ana uwezo. Muuzaji aliyeahidiwa bei ya mwaka jana hataki tofauti yake kwa mabishano ya wathamini. Anataka bei yenyewe. Mahakama nyingi ziko tayari kumpa muuzaji wa ardhi amri hiyo kwa kuwa zingempa mnunuzi pia, ingawa ni nafuu ya hiari ya mahakama na hutolewa kwa muuzaji aliyekuwa tayari na mwenye nia ya kutekeleza upande wake muda wote. Neno “muda wote” lina uzito. Tangazo moja la kuuza mali hiyo kwa mtu mwingine wakati kesi inaendelea linaweza kutosha kuonyesha kwamba nia hiyo haikuwapo.

Gharama ya njia hii haionekani kwenye karatasi za madai. Mali imefungwa. Haiuziki, na mara nyingi haipangishiki kwa mkataba mrefu, wakati kodi, ulinzi na riba ya rehani vinaendelea kumwangukia muuzaji. Tena amri yenyewe si fedha. Katika shauri hilo la Johnson, wauzaji walipata amri ya utekelezaji mwaka 1974, lakini kabla haijatekelezwa wakopeshaji waliokuwa na rehani juu ya mali waliichukua na kuiuza, na utekelezaji ukawa hauwezekani tena. House of Lords iliwaruhusu warudi mahakamani, mkataba ukatishwe na wapewe fidia, iliyopimwa kwa thamani ya tarehe 3 Aprili 1975, siku ambayo utekelezaji uliwatoka mikononi. Kuna mafundisho mawili hapo. La kwanza linatia moyo: kuchagua amri ya utekelezaji hakumfungi muuzaji milele, mradi arudi mahakamani badala ya kujiamulia mwenyewe. La pili ni onyo kwa muuzaji mwenye deni la benki: mkopeshaji hasubiri kesi yako imalizike. Kwa mtu ambaye anauza ili alipe rehani, ningemshauri aione njia ya kushikilia mkataba kuwa ya mwisho kabisa.

Arubuni na fidia, zikiwekwa bega kwa bega

Wauzaji huzitaja kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo hesabu zao hupotoka. Arubuni ni rehani ya nia: mnunuzi aliitoa kuthibitisha kwamba atakamilisha, na asipokamilisha kwa kosa lake, inabaki kwa muuzaji hata kama muuzaji hakupata hasara yoyote. Fidia ni malipo ya hasara iliyothibitishwa, na hasara isipokuwapo hakuna cha kulipwa. Arubuni iko mkononi tayari. Fidia inadaiwa, inathibitishwa, inahukumiwa, na mwisho inakamatwa kama mnunuzi ana kitu cha kukamatwa.

Chukua mfano wa namba zisizo na sarafu. Bei ya mkataba ni 100, arubuni ni 10. Muuzaji anakatisha kihalali na kuuza tena kwa 92, baada ya kutumia 3 kwa tangazo, dalali na wakili wa mara ya pili. Hasara yake ni 8 na 3, jumla 11. Arubuni ya 10 inaingia kwenye hesabu, na kinachobaki kudaiwa ni 1. Hakuna wakili mwenye dhamira safi atakayemshauri mteja wake afungue kesi kwa ajili ya 1 hiyo. Sasa fikiria mali imeuzwa tena kwa 105. Hasara haipo, fidia haipo, lakini arubuni ya 10 bado ni ya muuzaji. Na fikiria soko limeanguka na mali imeuzwa kwa 70: hasara ni 33, arubuni inafuta 10, na 23 iliyobaki ni madai yenye maana dhidi ya mnunuzi mwenye mali. Ni katika hali hii ya tatu tu ambapo uchaguzi kati ya fidia na amri ya utekelezaji unastahili kuumizwa kichwa.

Kipimo cha kawaida cha fidia ni tofauti kati ya bei ya mkataba na thamani ya soko siku ya uvunjaji, pamoja na gharama ambazo kwa kawaida zingetarajiwa kutokana na uvunjaji huo. Muuzaji pia ana wajibu wa kupunguza hasara: akiiacha mali miaka miwili bila kuitangaza huku soko likishuka, anguko hilo la baadaye ni lake. Ripoti ya mthamini inayohusu tarehe ya uvunjaji, iliyochukuliwa mapema, ina thamani kuliko ushahidi wowote wa mdomo utakaotolewa baadaye.

Haki ya kubaki na arubuni ina mipaka yake, na mpaka wa kwanza ni kiasi. Mwaka 1993 Privy Council iliamua rufaa kutoka Jamaica kati ya Workers Trust na Dojap. Benki iliyouza mali kwa mnada ilikuwa imedai arubuni ya asilimia 25, na mnunuzi alichelewa kuleta salio. Majaji walisema kiasi cha kawaida kilichozoeleka ni asilimia 10, na kwamba anayetaka zaidi lazima aonyeshe sababu maalumu. Benki haikuonyesha. Matokeo yake yalikuwa makali: haikuruhusiwa kubaki hata na ile asilimia 10, bali iliamriwa kurudisha fedha zote, ikiruhusiwa kukata hasara iliyoweza kuthibitisha peke yake. Muuzaji aliyejiwekea arubuni kubwa akidhani anajilinda anaweza kumaliza akiwa na ulinzi mdogo kuliko yule aliyechukua kiasi cha kawaida.

Mpaka wa pili ni aina ya fedha. Malipo ya awamu, yaani sehemu ya bei iliyolipwa polepole, si arubuni hata kama risiti imeyaita hivyo. Mnunuzi aliyelipa 60 kati ya 100 kisha akakwama hapotezi 60. Kwa kawaida muuzaji hubaki na ile sehemu ambayo ni arubuni ya kweli, hudai fidia yake, na hurudisha ziada. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa hata pale ambapo mkataba umetaja kiasi kitakacholipwa ukivunjwa, kinachotolewa ni fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho. Mpaka wa tatu ni hiari ya mahakama: kwa Uingereza, kifungu cha 49(2) cha Sheria ya Mali ya mwaka 1925 kinampa jaji uwezo wa kuamuru arubuni irudishwe pale anapoona inafaa.

Ufaransa ina desturi ambayo muuzaji anapaswa kuijua kabla ya kufurahia arubuni. Chini ya kifungu cha 1590 cha sheria yao ya madai, arubuni ya aina inayoruhusu kila upande kujitoa hupotea mnunuzi akijitoa. Lakini muuzaji akijitoa, hurudisha mara mbili ya alichopokea.

Mnunuzi akiwa ameshaingia

Yote niliyoyasema yanachukulia kwamba mali bado iko mikononi mwa muuzaji. Ikiwa mnunuzi alikabidhiwa funguo mapema, akahamia, akapaka rangi na kuchimba kisima, kukatisha mkataba ni nusu tu ya safari. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinampa muuzaji wa namna hii njia mbili za kurudisha mali: kuingia tena kwa amani, au kupata amri ya mahakama, na mnunuzi naye anaweza kuiomba mahakama imwondolee makali ya kukatishwa huko. Kwa maoni yangu, njia ya kuingia kwa amani inafaa pale tu ambapo nyumba imeachwa tupu. Familia ikiwa ndani, kubadilisha kufuli kwa nguvu kunaweza kumgeuza muuzaji mwenye haki kuwa mshtakiwa wa jinai. Kwa upande mwingine, muuzaji ana nafasi ya kudai malipo ya matumizi ya nyumba kwa kipindi ambacho mnunuzi alikaa bila kulipa bei, na mara nyingi dai hili ndilo linalomleta mnunuzi kwenye mazungumzo.

Kuachana kwa makubaliano

Njia hii haina hukumu maarufu, na ndiyo maana husahaulika. Pande zote husaini hati ya kuufuta mkataba: muuzaji hubaki na sehemu ya arubuni, hurudisha iliyobaki, mnunuzi huondoa zuio lolote aliloweka kwenye daftari la ardhi, na kila mmoja anamwachilia mwenzake madai yote. Kwa muuzaji ambaye ana mnunuzi mpya mlangoni, au ambaye akijichunguza anaona upande wake nao ulikuwa na kasoro, kupoteza nusu ya arubuni ni afadhali sana kuliko kubaki nayo yote pamoja na kesi ya miaka.

Zuio hilo nimelitaja kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalokwamisha wauzaji waliokatisha mkataba kihalali. Mnunuzi aliyesajili masilahi yake kwa msajili wa ardhi haondoki kwenye daftari kwa barua ya muuzaji. Zuio hubaki mpaka alitoe mwenyewe, msajili alifute baada ya kumpa nafasi ya kusikilizwa, au mahakama iamuru. Ikiwa kuna arubuni au malipo ya awamu ambayo muuzaji anapaswa kurudisha, mnunuzi anaweza hata kudai kwamba mali yenyewe inasimama kama dhamana ya fedha hizo hadi atakapolipwa. Hivyo uhuru wa kuuza tena, ambao ndio faida kubwa ya kukatisha, unaweza kuwa wa karatasi tu kwa muuzaji asiyetaka kurudisha ziada.

Kuhusu muda wa kufungua kesi, Kenya na Tanzania zote huweka ukomo wa miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 12 kwa kurudisha ardhi. Muda huo unaonekana mrefu, lakini amri ya utekelezaji inaweza kunyimwa mapema zaidi kwa sababu ya kuchelewa kusikoelezeka. Ninapendekeza uamuzi wa kukatisha au kushikilia ufanywe ndani ya wiki chache baada ya notisi kuisha, ukiwa na mambo haya mezani mbele ya wakili: mkataba na nyongeza zake zote, risiti za kila malipo zikionyesha kilichoitwa arubuni na kilichokuwa sehemu ya bei, uthibitisho wa namna notisi ilivyopelekwa, nakala mpya ya upekuzi wa daftari la ardhi, na ripoti ya mthamini. Muuzaji asijibu ujumbe wowote wa mnunuzi unaoomba muda zaidi kabla ya kikao hicho. Ikimlazimu kujibu, aandike kwamba amepokea ujumbe na kwamba jibu hilo haliathiri haki zake.